Namba ya Kwenye Gurudumu

Namba yenyewe ni 11,966,117. Imetokeza kwenye gurudumu la mashine ya kumenyea kahawa iliyoko nyumbani kwa wazazi wangu, Nkoaranga, juu mlimani, na kila aliyewahi kuzungusha mpini wa mashine ile anaijua, hata kama hajui kuwa anaijua, maana inampitia mbele ya macho kila gurudumu linapozunguka. Mimi nilizungusha tangu darasa la tatu mpaka nilipoolewa, na sikuwahi kuijali. Waliotengeneza mashine walitaka tu kuitofautisha na nyingine. Sisi tulitaka kahawa itoke maganda.

Aliyeijali ni baba. Baba alifundisha hesabu shule ya msingi maisha yake yote ya kazi, na mimi nilipitia mikononi mwake kama watoto wengine wa pale juu, bila upendeleo, labda fimbo zangu zilikuwa mbili zaidi. Alikuwa na namna yake ya kufundisha namba tasa, yaani zile zisizogawanyika isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe. Hakuandika kitu ubaoni. Alitupeleka kwenye kitalu cha shule, akatugawia miche ya kahawa ikiwa kwenye viriba vyake vya plastiki, akasema tuipange mistari iliyo sawa na usibaki mche hata mmoja pembeni. Miche kumi na miwili tuliipanga upesi, mitatu mitatu, minne minne, tukajiona wajanja. Kisha akatuongezea mmoja. Tulizozana na ile kumi na mitatu mpaka kengele ikalia, tukaanza kutupiana lawama kuwa kuna aliyeficha mche.

"Hakuna aliyekosea," baba alisema. "Ni namba yenyewe haitaki."

Leo na mimi nafundisha hesabu, sekondari, hapa mjini, na ninaishi Daraja Mbili. Nimesoma maelezo mengi ya namba tasa yaliyoandikwa na watu wenye elimu kubwa kuliko ya baba, na sijaona yaliyoishinda ile sentensi.

Miaka michache baada ya kustaafu baba alipata kiharusi kidogo. Nasema kidogo kwa sababu daktari alisema hivyo. Mdomo ulipinda siku mbili ukarudi, mkono ulilegea wiki moja ukarudi. Kilichomtisha ni kitu kingine. Asubuhi ya tatu kitandani hospitalini alinishika mkono akaniambia nimwulize saba mara nane. Nikamwuliza. Akasema hamsini na nne. Niliona usoni mwake kwamba alijua amekosea, ila lile jibu sahihi alilolitafuta halikuwapo mahali pake. Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo, na nilitoka nje nikasimama koridoni nikisoma tangazo la kunawa mikono mpaka nikalikariri.

Hamsini na sita ilirudi baada ya wiki. Lakini tangu hapo baba aliishi na hofu moja tu, kwamba kichwa kimetoboka na kitaendelea kuvuja kidogo kidogo bila yeye kujua. Kufa hakumsumbui. Ni Mlutheri wa zamani, ameshapanga hata nyimbo za maziko yake. Kilichomsumbua ni kubaki hai huku hesabu zimeondoka. Daktari alimwambia akipe kichwa kazi kila siku, kama mtu anavyoufanyisha mkono mazoezi. Mwingine angeanza kucheza bao. Baba alirudi nyumbani, akaenda kibandani kwenye mashine, akanakili namba ya kwenye gurudumu, akatangaza mezani kwamba atatafuta kama ni tasa au si tasa, kwa mkono, kila siku kigawo kimoja.

Mama akauliza, "Na ukishajua?"

"Nitakuwa nimejua."

Mama akaendelea kumenya ndizi. Alikuwa ameolewa na mwalimu miaka mingi, alishajua maswali gani hayana faida.

Namba hii, ukiitazama tu, inashawishi. Inaishia na saba, kwa hiyo mbili na tano haziigawi. Tarakimu zake ukizijumlisha unapata thelathini na mbili, kwa hiyo tatu nayo haimo. Ukiigawa kwa saba inabaki mbili. Kwa kumi na moja inabaki tisa. Kwa kumi na tatu inabaki saba. Kila mlango unaoubisha umefungwa, na mtu huanza kuamini kwamba nyumba nzima haina mlango ulio wazi. Habari njema ni kwamba huhitaji kubisha yote. Kama miche yote ingepangika mistari sawa, basi ama idadi ya mistari au idadi ya miche katika mstari isingezidi elfu tatu mia nne hamsini na tisa, kwa sababu zote mbili zikizidi hapo miche inakuwa mingi kuliko uliyonayo. Na ndani ya hapo unajaribu namba tasa tu. Ziko mia nne themanini na tatu. Baba alipiga hesabu: siku sita kwa wiki, Jumapili hapana, ingemchukua zaidi kidogo ya mwaka mmoja na nusu.

Orodha ya hizo mia nne themanini na tatu aliiandaa mama. Mama aliishia darasa la saba, lakini kazi ya kuondoa kisichofaa hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa akichambua kahawa kwenye ungo huku anazungumza, vidole vikitupa punje mbovu bila macho kuangalia. Baba alimweleza utaratibu: andika namba zote, kata zinazogawanyika kwa mbili, kisha kwa tatu, kisha tano, hivyo hivyo mpaka hamsini na tatu. Mama aliandika nyuma ya kalenda za kanisa za miaka iliyopita, akakata kwa wiki tatu, akinadi zilizobaki kwa sauti kama anaita kuku. Mimi nilizikagua kwa siri kwa kutumia orodha ya kitabuni. Hakukosea hata moja, na niliona haya kidogo kwa kukagua.

Kauntabuku nililinunua mimi huku mjini, mtaa wa Kwa Mrombo, jekundu, lenye kurasa nyingi kuliko alizohitaji. Baba alilipiga mistari ya safu. Safu ya kigawo, ya jibu, ya baki, na ya mwisho nyembamba aliyoiandika juu yake "uhakiki". Hiyo ilikuwa ya mama. Kila siku saa nne asubuhi, baada ya chai, baba aligawa. Kisha mama alirudisha kinyumenyume kwenye karatasi: jibu mara kigawo, jumlisha baki. Ikirudi 11,966,117 aliweka alama ya vema. Isiporudi alisema tu, "Mwalimu, rudia," na baba alirudia bila kubisha, jambo ambalo sisi watoto wake hatukuwahi kulipata kwake.

Siku ya kwanza kabisa aligawa kwa mbili. Akaandika baki moja, akafunga kitabu kama mtu aliyemaliza kulima ekari nzima.

Mimi nilikuwa napanda kule kila Jumamosi. Jumamosi ya kwanza baba alinionyesha kitabu, halafu akaiangalia simu yangu.

"Najua hicho kidude chako kinaweza," alisema. "Usinipe jibu. Jibu si lako."

Nikaahidi. Na kabla sijafika barabara kuu ya Moshi nilikuwa nimeshaiandika namba kwenye simu. Jibu lilitoka kabla sijaondoa kidole. 1,019 mara 11,743. Haikuwa tasa.

Sikujuta, nilifurahi. Nilifungua orodha nikahesabu: 1,019 ni namba tasa ya mia moja sabini na moja. Ina maana baada ya miezi kama saba hivi, asubuhi fulani saa nne, baba angegawa na kubakiwa na sifuri. Mtu aliyeogopa kwamba kichwa kinavuja angeshika mkononi kitu ambacho kichwa chake peke yake kimekipata kati ya mamia. Nilitaka niwepo. Nilikuwa nafuatilia kitabu kila Jumamosi kama mama mjamzito anavyofuatilia wiki, nikipanga namna ya kuomba ruhusa kazini ikiangukia katikati ya juma. Nilikuwa na siri nzuri, na siri nzuri humfanya mtu ajione mwema.

Kazi iliendelea bila kishindo. Mvua ilinyesha, njia ikawa utelezi, kahawa ikachanua. Mara moja moja kulitokea msiba kijijini. Kwetu siku ya maziko hakuna anayeshika jembe, hata kama ardhi imeiva na mbegu ziko mlangoni, na baba aliihesabu kalamu yake kuwa jembe. Siku hiyo kitabu hakikufunguliwa. Kesho yake aliendelea na namba ileile iliyokuwa zamu, hakuruka. Nayasema haya kwa sababu nilikuja kuyategemea baadaye kama ushahidi, na ushahidi wenyewe ukanipoteza.

Katika wiki ambayo nilikuwa nimeitia alama kwenye kalenda yangu, mama aliugua. Ilianza kama mafua, ikashuka kifuani, Jumanne akapelekwa hospitali, Alhamisi akafariki. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Kwenye kitabu, alama yake ya mwisho ya vema iko kwenye 1,013: jibu 11,812, baki 561. Namba iliyokuwa inafuata ilikuwa 1,019.

Tulimzika Jumamosi, pale pale shambani, nyuma ya kibanda cha mashine. Nakumbuka vitu visivyo na mpangilio: kwaya ilianza wimbo juu mno ikabidi washuke, na majani ya migomba yalikuwa yanadondosha maji shingoni mwa mchungaji. Wakati wanajaza udongo nilimtazama baba. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikadhani anasali. Kisha ikaacha kucheza ghafla, akageuka akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu anayetaka kuuliza kitu kwenye mkutano halafu akaona aibu. Nilimshika mkono. Nilijiambia ni huzuni, na ilikuwa huzuni, lakini haikuwa hiyo tu.

Baada ya matanga kuanuliwa nilibaki siku mbili zaidi. Asubuhi ya kwanza, saa nne, nilisikia kiti kikivutwa, nikajua amefungua kitabu. Nilikaa jikoni na kikombe mkononi nikisubiri aniite. Hakuniita. Alipotoka kwenda kufungua ng'ombe niliingia nikasoma. Mstari mpya ulikuwa 1,021. Jibu 11,719, baki 1,018.

Nilisoma mara tatu. Kutoka 1,013 alikwenda 1,021. Ile ya katikati, moja tu kati ya zote mia nne themanini na tatu, haikuwapo.

Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni. Aliona ukurasa niliokuwa nautazama, akaona na kidole changu kilipo.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu, baba. Umepungukiwa miche mitatu tu hapa, mstari wa 1,021 ungetimia."

"Naona," alisema, akaenda zake.

Niliteremka mjini siku hiyo nikiwa na uhakika kwamba kichwa kimeanza kuvuja. Misiba mingine yote hakuruka. Huu, wa mkewe, aliruka, na hata hakujua ameruka. Nilikuwa na njia mbili. Ningemwambia, "Baba, umeiacha 1,019," na kwa hilo ningekuwa nimemwonyesha tundu lenyewe, tena kwa kidole, wiki ileile aliyomzika mama. Au ningenyamaza, aendelee kugawa kwa vigawo mia tatu na kumi na kimoja vilivyobaki ambavyo nilijua kabla hajaanza kwamba havitampa chochote, na mwisho wake atangaze kwamba namba ni tasa, afe anaamini hivyo. Namba haiumii ukiisingizia. Nikanyamaza. Nikaita huo ukimya huruma.

Alinipa mimi safu ya mama. Kila Jumamosi nilikuta vigawo sita vinanisubiri, nami nilizidisha, nikajumlisha, nikaweka vema. Kuna jambo nililiona mapema. Baba alikuwa sasa anagawa kila namba mara mbili, ya pili kwenye karatasi ya pembeni, na wakati mwingine mara tatu. Zamani aligawa mara moja na kusubiri mama aseme. Hili nalo nikaliweka kwenye faili langu la ushahidi. Nilianza kumpima bila yeye kujua, au hivyo nilidhani. Namwuliza bei ya kilo za mbolea jumla, namwuliza ng'ombe alizaa mwezi gani. Alijibu yote sawasawa, ila polepole, akinitazama.

Jumamosi moja, miezi sita hivi baada ya maziko, tulikuwa tumekaa mlangoni mwa kibanda. Mlima ulikuwa wazi mpaka juu. Aliniuliza, "Mwalimu, hivi kichwa cha mtu kikianza kuharibika, mwenyewe hujua?"

"Kichwa chako kizima, baba," nilisema. Nililisema haraka, kwa ile sauti tunayowaambia watoto kwamba sindano haiumi.

"Umejuaje?"

Nilikuwa na namba mbili za kumjibu nazo, zilikuwa kwenye simu mfukoni, na sikuzitoa. Nikasema chai inapoa.

Mwaka ukapita, na wiki kadhaa juu yake. Kigawo cha mwisho kilikuwa 3,457, na alikipanga kiangukie Jumamosi ili niwepo. Nilivaa vizuri, nikajidharau kwa kuvaa vizuri. Aligawa mbele yangu. Jibu 3,461, baki 1,440. Nilizidisha, nikajumlisha, nikaweka vema. Kisha nikavuta pumzi ili niseme uongo niliokuwa nimeuandaa, kwamba hongera baba, ni tasa.

"Bado moja," alisema.

Akaenda chumbani, akarudi na zile kalenda za kanisa. Sikuwa nimeziona tangu mama afariki. Nilidhani alinakili orodha zamani. Akazikunjua mezani. Namba tasa alizoziacha mama, baba alikuwa amezikata kwa wino mwekundu moja baada ya nyingine, ukurasa hadi ukurasa. Katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na moja ambayo haikukatwa. Alikuwa ameizungushia penseli, duara dogo, jepesi. 1,019.

Alichukua kalamu. Aligawa polepole sana, akishuka hatua kwa hatua, na alipofika chini alitoa 3,057 kwenye 3,057 na hakuandika jibu. Alikaa na kalamu hewani.

"Ni ngapi?" aliniuliza.

"Sifuri."

"Umeona sifuri na wewe?"

"Ndiyo, baba."

Akaiandika. Kisha akaegemea kiti, akafuta uso wote kwa kiganja.

"Siku ile wanafukia, nilikuwa sina la kufanya na kichwa," alisema. "Nikaichukua hii, ndiyo ilikuwa zamu yake. Nikaizidisha kwa elfu kumi na mbili. Ikazidi ninayoitaka kwa laki mbili sitini na moja elfu, mia nane themanini na tatu. Hiyo nikaiona ni 1,019 mara mia mbili hamsini na saba, imekaa kamili. Nikapata sifuri. Pale pale, udongo unaingia. Nikasema haiwezekani. Nikasema hiki ndicho nilichokuwa nakiogopa, kichwa kinanipa ninachokitaka kwa sababu leo nina msiba."

"Ungeniita kesho yake tukagawa."

"Niliogopa nikigawa kwa karatasi isitoke sifuri. Nikasema nitaipita, nitamaliza hizi nyingine kwanza, nijipime." Akafunika kalamu. "Halafu nikakukuta umeweka kidole pale nilipoiruka."

Niliinamia kitabu.

"Wewe uliipiga kwenye simu. Najua uliipiga, nimekuzaa. Nikasema, kama ile namba kweli ni kigawo, huyu ataniambia nimeiruka, hawezi kunyamaza. Ukaniambia nimepungukiwa miche mitatu. Basi nikajua si kigawo. Nikajua sifuri ile niliiona peke yangu."

Mwaka mzima na wiki kadhaa. Ndiyo maana aligawa mara mbili mbili. Ndiyo maana aliniuliza umejuaje. Kichwa chake kilikuwa kimefanya, kando ya kaburi la mama, bila karatasi, jambo ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha nne hawaliwezi na kalamu mkononi. Mtu pekee duniani aliyejua kwamba kilifanya sawa nilikuwa mimi, na nilikuwa nimemthibitishia kwa ukimya wangu kwamba kimeharibika. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Nilimwomba msamaha.

"Nilikukataza jibu la namba," alisema. "La kichwa changu sikukukataza."

Hakulisema kwa hasira, ingekuwa nafuu. Akanisogezea kitabu kwenye ile safu nyembamba. "Hakiki."

Nilichukua karatasi nikazidisha kwa mkono, 11,743 mara 1,019. Nilichukua muda mrefu kuliko inavyohitajika, kwa sababu tarakimu zilikuwa zinacheza machoni. Ilirudi 11,966,117. Nikaweka alama ya vema, na baba akachukua wino mwekundu akaikata ile ya mwisho kwenye kalenda ya mama.

Siku hizi hagawi tena. Mashine bado ipo, msimu ukifika tunazungusha, namba inapita. Jumamosi nikifika namwamkia, shikamoo baba, naye akishaitikia marahaba anangoja. Kabla sijakaa namwuliza saba mara nane. Anajibu. Nami namwambia kwa sauti, kila mara, hata kama kuna wageni: "Sahihi, baba."